Hivi ni kweli jinsengi inazima jeni za mafuta kwenye ini? Bi mkubwa kaletewa mpaka grafu

Nyakato_88

Wakuu habari za jioni, samahani uzi utakuwa mrefu kidogo. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, ana sukari na presha, anatumia metformini na amlodipini mwaka wa sita huu na anaendelea vizuri tu. Mwezi uliopita tumbo lilimsumbua akaenda kupiga ultrasaundi, wakamwambia ini lina mafuta, apunguze uzito, apunguze wanga, arudi baada ya miezi sita. Sasa mama zetu mnawajua, akitoka hospitali bila mfuko wa dawa anaona kabisa kama hajatibiwa.

Jumapili iliyofuata akaja jirani tunayesali naye, na boksi za kahawa ya jinsengi, boksi moja elfu 85 na anatakiwa amalize matatu. Kilichonishtua siyo bei, bei nimeshazoea, ni kwamba safari hii kaja na karatasi ina grafu. Pau ya kwanza ndefu halafu zinazofuata zinashuka kama ngazi, chini zimeandikwa 0, 10, 20, 40 na alama ya µM, juu imeandikwa SREBP-1c na pembeni HepG2. Jirani anasema hiyo ndo jeni ya mafuta ya ini na jinsengi inaizima, "inabadilisha jeni kabisa, ugonjwa haurudi".

Mimi nilisoma HKL, baiolojia niliiacha form four na hatukuagana vizuri. Naomba mwenye uelewa anijibu, hii ni sayansi kweli au ni maneno ya biashara? Na kuna shida akichanganya na dawa zake? Maana tayari kashakunywa wiki nzima na anasema anasikia mwili mwepesi.

BabaJunia

Kama kuna kahawa inabadilisha jeni naomba na mimi boksi moja inibadilishie hii ya kipara, ukoo mzima tunawaka tu juani 😂

mkaazi_wa_mbali

Dada Nyakato pole na bi mkubwa. Mimi niko Korea Kusini mwaka wa tatu sasa kimasomo, maabara yetu tunalea seli za ini kwenye sahani kila siku, na huku jinsengi ndo nyumbani kwake, yenyewe wanaita insam, ile iliyopikwa kwa mvuke ikakaushwa mpaka ikawa nyekundu wanaita hongsam, supu ya kuku wanaiwekea, pipi zipo, mpaka dawa ya meno ipo. Kwa hiyo sina ugomvi na huo mzizi hata kidogo, nimeula sana. Ila hiyo karatasi ya jirani ngoja tuikalie vizuri, maana siyo uongo, na hapo ndo inakuwa hatari zaidi ya uongo.

Kwanza neno "kubadilisha jeni" litupe. Jeni chukulia kama cheti original kilichofungiwa kwenye kabati la ofisi, hakitoki. Kikihitajika kinapigwa kopi, kopi ndo inatoka nje kwenda kufanyia kazi, na kwenye seli hiyo kopi inaitwa mRNA, ikifika nje ya kiini cha seli inasomwa inatengenezwa protini. Seli ya ini na seli ya ngozi zina kabati lilelile na vyeti vilevile, tofauti ni vyeti gani vinapigwa kopi kwa wingi na vipi havijaguswa tangu mtu azaliwe. Sasa vitu vilivyoko kwenye jinsengi haviendi kufuta wala kuandika upya cheti, vinachofanya ni kwenda kwa yule kijana wa mashine ya fotokopi kumwambia hiki ongeza, hiki punguza. Ukiacha kunywa, kijana anarudi kwenye mwendo wake. Kwa hiyo "ugonjwa haurudi" hapo jirani kajiongezea mwenyewe.

Vitu vyenyewe vinaitwa jinsenosaidi, ziko nyingi, utaona majina kama Rb1, Rg1, Re, Rd, Rg3. Umbo lake la ndani linafanana kidogo na homoni za steroidi, ndo maana zinaweza kugusa vipokezi ambavyo kawaida vinasikiliza homoni, kwa mfano Rg1 inajulikana kwamba inashika kipokezi cha glukokotikoidi, kilekile kinachoshikwa na dawa kama predinisoloni.

Sasa SREBP-1c. Hiyo ni protini msimamizi, kazi yake ni kwenda kwenye DNA na kuamuru jeni za kutengeneza mafuta zipigwe kopi, kama ile ya FAS na SCD1. Ukila wanga mwingi insulini inapanda na huyu msimamizi anachangamka, ini linaanza kugeuza sukari kuwa mafuta. Upande wa pili kuna AMPK, huyu ni kama mhasibu wa nishati ya seli, akiona akiba imeshuka anaamuru matumizi ya anasa yasimame, na kutengeneza mafuta ni anasa. Ukizimwagia seli za ini Rb1 au ile inayoitwa kompaundi K, AMPK inaamka, SREBP-1c inashuka, kopi za FAS zinashuka, na CPT1 inayosaidia kuchoma mafuta inapanda. Hii imeonekana kwenye maabara nyingi, kwenye seli na kwenye panya walionenepeshwa kwa chakula cha mafuta. Ngazi ya kushuka kwenye grafu ya jirani ndo hiyo.

Kwa hiyo hapo jirani kasema kweli. Kwenye sahani.

Narudi baadaye kuelezea hiyo HepG2 na hizo namba za chini, naingia maabara, seli zina njaa kuliko watoto.

Mama Virutubisho

Asante sana kaka kwa kuthibitisha kwamba jinsengi inafanya kazi kwenye jeni za ini, sisi tunaosaidia watu tunapigwa vita kila siku lakini sayansi imeshasema. Nyakato mwache mama atumie, bidhaa ni asili asilimia 100 haina kemikali wala madhara. Aliye tayari aje inbox.

Nyakato_88

Mama Virutubisho shikamoo, lakini kaka kasema "kwenye sahani", umepita hapo kama hujaona.

mkaazi_wa_mbali

Nimerudi. Mama Virutubisho mi sijathibitisha hivyo mama yangu, subiri nimalize.

HepG2. Hizo siyo seli za ini la mtu mzima mwenye afya, zilitoka kwenye uvimbe wa saratani ya ini ya kijana wa miaka 15 wa Argentina, miaka ya 1970, na zimekuwa zikigawanyika kwenye maabara za dunia nzima mpaka leo. Tunazipenda kwa sababu ni rahisi, hazifi ovyo, zinatengeneza albumini kama ini. Lakini kuna mambo mengi ya ini zimeyasahau, hasa vimeng'enya vya kuvunja dawa, ile CYP3A4 kwenye HepG2 iko chini mno, yani unaweza ukakaa wiki nzima unaitafuta. Ukitaka kujua ini la mtu litafanyaje na dawa inabidi utumie seli halisi zilizotolewa kwenye ini la binadamu, ambazo ni ghali kama mahari na zenyewe zikikaa kwenye sahani siku chache zinaanza kusahau kazi. Kwa hiyo kwenye mambo ya mafuta HepG2 inakupa mwanga, kwenye mambo ya dawa usiiamini peke yake.

Halafu ile grafu imepimwa kwa PCR, yani tunahesabu kopi. Tunachukua seli tulizozimwagia kitu masaa 24, tunazivunja, tunatoa mRNA, mashine inaizidisha mara mbili kila mzunguko na inatuambia ni mzunguko wa ngapi imeanza kuonekana. Ikitangulia mzunguko mmoja maana yake kopi zilikuwa karibu mara mbili. Sasa mzunguko mmoja ni kitu kidogo mno, mkono ukitetemeka kwenye kupima matone umeshaupata, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niligundua jeni mpya kabisa ya kupambana na mafuta, profesa akacheka, ilikuwa pipeti yangu mbovu. Na kopi kuwa nyingi haina maana kazi imefanyika nyingi, unaweza ukapiga kopi 200 za tangazo la kikao na wakaja watu wanne.

Lakini kubwa kuliko vyote ni hizo namba 10, 20, 40 µM, yani mikromola, kipimo cha kitu kimekolea kiasi gani. Tuchukulie ni Rb1, uzito wake wa molekuli ni kama 1109, kwa hiyo µM 40 ni kama miligramu 44 kwa lita. Mtu akinywa jinsengi kwa mdomo, Rb1 inayoonekana kwenye damu huwa ni nanogramu chache mpaka makumi kwa mililita. Tuseme 10, hiyo ni kama µM 0.009. Gawanya mwenyewe, 40 kwa 0.009, unapata zaidi ya mara 4000. Bi mkubwa akitaka kufikia pau ya mwisho ya hiyo grafu hawezi kwa kunywa, labda aogelee humo kwenye kahawa na bado haitapenya.

Kwa nini inapenya kidogo? Kwa sababu Rb1 ina sukari nne zimening'inia, ni kubwa na haipendi kupita ukuta wa utumbo. Inayopita zaidi ni ile kompaundi K, ambayo kwenye mzizi haipo au ipo kidogo sana, inatengenezwa na bakteria wa utumboni kwa kuzitafuna hizo sukari mpaka ibaki moja. Na bakteria wa kila mtu ni tofauti, kwa hiyo watu wawili wakinywa kikombe kilekile mmoja anapata kompaundi K ya kutosha na mwenzake karibu hapati kitu. Ndo maana huku Korea wanauza na ile iliyochachushwa kabisa kiwandani, bakteria wamefanya kazi yao kabla hujanunua.

(Na ukikutana na kompaundi C kwenye hizo karatasi usichanganye, hiyo siyo ndugu yake K, ni kemikali tunayotumia kuzuia AMPK ili kuona kama matokeo yatapotea. Nani alitoa hayo majina sijui, ila wanafunzi tunateseka.)

Kipepeo Mweupe

Mkuu mkaazi hapo kwenye damu nina neno. Umepima damu ya mkononi, lakini kitu kikitoka utumboni hakiendi mkononi kwanza, kinapita mshipa wa mlangoni wa ini. Ini ndo linapokea la kwanza kabla halijachanganywa na damu yote, kwa hiyo kiwango kwenye ini kinaweza kuwa juu kuliko ulichosema. Usiwe mwepesi kuifuta hivyo.

mkaazi_wa_mbali

Sahihi kabisa mkuu, nakubali. Ini linaonja kabla ya wengine, na zipo protini kwenye ngozi ya seli za ini zinazovuta vitu ndani vikajikusanya. Kwa hiyo hesabu yangu ya damu ya mkononi inaonea kidogo. Tuseme ini linapata mara kumi, tuseme hata mara hamsini, bado kutoka elfu nne unabaki na pengo kubwa tu. Ninachosema siyo kwamba haifanyi kitu, ninasema pau ya 40 siyo bi mkubwa.

mfamasia_wa_zamu

Naomba niingilie maana swali la pili la Nyakato mmeliruka na mimi ndo linanisumbua kazini, karibu kila wiki mtu ananiwekea kaunta mfuko wa "asili" pembeni ya cheti cha daktari.

Ini lina kipokezi kinaitwa PXR. Huyu ni mlinzi wa geti, kazi yake ni kunusa vitu vya kigeni. Akinusa anaingia kwenye DNA akiwa ameshikana na mwenzake RXR, wanasimama mbele ya jeni ya CYP3A4 na kuamuru kopi ziongezwe. CYP3A4 ndo kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi kuliko kingine chochote mwilini. Kopi zikiongezeka, kimeng'enya kinaongezeka, dawa zinavunjwa haraka kabla hazijafanya kazi. Na hii haitokei siku hiyohiyo, inahitaji siku hata wiki moja mbili kujengeka, na ukiacha inachukua kama wiki mbili kurudi, ndo maana watu hawaunganishi matukio.

Mnaijua hii habari ila hamjui jina lake. Rifampisini ya TB, ile inayofanya mkojo uwe wa chungwa, ndo mfalme wa kuamsha PXR. Ndo maana mtu mwenye TB anayetumia dolutegraviri ya VVU anaongezewa kidonge kingine cha miligramu 50 masaa 12 baadaye, kwa sababu ini limeamshwa linaimaliza haraka.

Sasa jinsengi. Mwaka 2012 ulitoka utafiti Marekani, watu 12 wenye afya walimeza Panax ginseng miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 28, wakapimwa na midazolamu, dawa ya usingizi ambayo inavunjwa na CYP3A4. Kiasi cha midazolamu kilichoonekana kwenye damu kikashuka kwa asilimia 34. Kwa kulinganisha, rifampisini inashusha midazolamu ya kumeza kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo jinsengi siyo rifampisini, lakini siyo maji pia. Na hapo ndo namtania kidogo mkaazi, kwa sababu hawa ni watu, siyo sahani, na dozi ni ya vidonge vya kawaida.

Bi mkubwa anatumia amlodipini. Inavunjwa na nani? CYP3A4. Metformini haivunjwi na ini, inatoka na mkojo kama ilivyoingia, kwa hiyo huko sina wasiwasi wa kimeng'enya, wasiwasi wangu ni kwamba jinsengi yenyewe inaweza kushusha sukari kidogo na wakikutana wawili mtu akasikia kizunguzungu na kutetemeka. Huo "mwili mwepesi" Nyakato ungempima sukari na presha wakati anausikia, kabla hatujausifia.

Mama Virutubisho

Hizo ni dawa za hospitali zenye kemikali ndo zinaleta shida, siyo mmea. Mmea Mungu kaumba. Wachina wametumia miaka zaidi ya elfu mbili hawakuwa na PXR.

mfamasia_wa_zamu

Mama yangu PXR walikuwa nayo tangu Adamu, sema haikuwa na jina mpaka 1998 😄 Kilichokuwa hakipo ni amlodipini ya kuchanganya nayo.

Na kuhusu mmea kuwa mmea, kuna mmea wa Ulaya unaitwa Hypericum perforatum, maua ya njano, watu wanatumia kwa huzuni na msongo. Mwaka 2000 huko Zurich wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo waliutumia, miili ikaanza kukataa ule moyo, kwa sababu mmea uliamsha PXR na dawa yao ya kuzuia mwili usikatae, saiklosporini, ikashuka kwenye damu. Mmea, asili asilimia mia.

dada_wa_Buza

Subirini kwanza. Hii ndo ileile ya kijiti cha uzazi? Kuna dada namfahamu alikuwa anatumia efavirenzi ya VVU zamani na kijiti mkononi na mimba ikaingia, watu wakasema kalogwa, wengine wakasema kijiti kilikuwa feki.

mfamasia_wa_zamu

Ndiyo dada, ni mlango uleule. Efavirenzi inaamsha ini, homoni ya kijiti inavunjwa haraka, kinga ya mimba inashuka. Hakurogwa. Na kijiti kilikuwa kizima.

Kipepeo Mweupe

Mfamasia na wafarini, ile ya kuzuia damu isigande, je? Mzee wangu ana valvu ya moyo na yeye alishaletewa hizo kahawa.

mfamasia_wa_zamu

Huyo asiguse, na hapo sitaki tubishane. Kuna mgonjwa aliyeandikwa 1997, miaka 47, valvu ya kuwekewa, INR yake, yani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa 3.1 imetulia, akaanza jinsengi, wiki mbili baadaye ikawa 1.5. Mwaka 2004 wakajaribu jinsengi ya Kimarekani kwa watu 20 wenye afya na INR ikashuka tena. Kuna kazi nyingine na jinsengi ya Kikorea haikuonyesha kitu, na ukisoma unaona kabisa kwamba aina ya mzizi ni tofauti, dozi tofauti, siku tofauti. Lakini mtu mwenye valvu huwezi kumwambia tujaribu tuone. Damu ikiganda kwenye valvu hakuna cha kujaribu tena.

mkaazi_wa_mbali

Mfamasia umenipiga vizuri na nakubali, ile ya midazolamu naijua. Niongeze kitu kimoja kinachofanya haya mambo yawe magumu kusoma, PXR ya panya siyo PXR ya mtu. Rifampisini inayoamsha ya kwetu kwa nguvu zote, panya haimshtui karibu kabisa, na kuna kemikali zinamwamsha panya wakati sisi tumelala. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandika "imethibitika kwa panya haina mwingiliano na dawa", jua hilo swali kaulizwa mtu asiyehusika.

Na Nyakato kuna kichekesho hujakiona bado. Ile njia ya AMPK ambayo jirani anaiuza elfu 85, metformini ya bi mkubwa nayo inaiamsha. Ilijulikana tangu 2001. Na metformini nayo ukoo wake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, kwa hiyo kama hoja ni asili, anayo tayari kwenye droo ya kitanda. Haijaondoa mafuta kwenye ini lake, sasa ufikirie Rb1 inayoingia kwa nanogramu.

BabaJunia

Kwa hiyo jibu la ini lenye mafuta ni lipi, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo mwaka jana nikakaa kimya (usiniulize kitambi kilipo).

mfamasia_wa_zamu

BabaJunia lilelile alilopewa bi mkubwa akaona siyo tiba. Ukipungua asilimia 5 ya uzito mafuta kwenye ini yanaanza kushuka, ukifika 7 mpaka 10 hata ule uvimbe wa ndani unatulia. Kwa mtu wa kilo 90 asilimia 5 ni kilo nne na nusu, siyo mlima. Marekani waliidhinisha dawa ya kwanza kabisa ya huo ugonjwa Machi 2024, inaitwa resmetiromu, ni kwa ini lililoanza kupata makovu, na hata hiyo inatolewa pamoja na lishe na mazoezi. Ndo maana daktari hakutoa mfuko. Ila angemweleza hivyo mama wa watu asingeenda kuutafuta kwa jirani, hilo kosa letu wa hospitali nalikubali.

Nyakato, nisomee nyuma ya boksi imeandikwa nini, neno kwa neno.

dada_wa_Buza

Na isiwe zile za nguvu za kiume, zile wanaandika jinsengi mbele halafu ndani wameweka sildenafili.

mfamasia_wa_zamu

Umesema kweli, mamlaka ya dawa ya Marekani imeshatangaza bidhaa nyingi sana za hivyo. Sildenafili nayo inavunjwa na CYP3A4, na ikikutana na dawa za moyo za naitreti presha inaanguka mtu anaondoka. Na kuna nyingine wanaita jinsengi ya Siberia, hiyo siyo jinsengi, ni Eleutherococcus, haina jinsenosaidi hata moja, Marekani walikataza kuiita jinsengi kwenye lebo tangu 2002. Ndo maana nataka lebo.

Nyakato_88

Wakuu samahani nimechelewa, nilimsubiri bi mkubwa alale ndo nikachukue boksi kabatini, kaliweka nyuma ya vikombe vya wageni.

Nimesoma kwa tochi ya simu. Nyuma kuna maandishi ya Kichina na Kiingereza, nawaandikia kwa mpangilio wake: sukari, krimu isiyo ya maziwa (ndani yake mafuta ya mawese na sharubati ya glukosi), kahawa ya unga, ladha, unga wa mzizi wa jinsengi. Haijaandikwa jinsengi ya aina gani wala asilimia ngapi. Pakiti moja gramu 20 na jirani kasema tatu kwa siku.

mfamasia_wa_zamu

Viungo huwa vinapangwa kwa uzito, kikubwa kinaanza. Kwa hiyo cha kwanza sukari, cha pili mafuta, jinsengi ya mwisho kabisa, nyuma ya ladha.

mkaazi_wa_mbali

Yani bi mkubwa mwenye sukari na ini lenye mafuta anakunywa gramu 60 kwa siku za mchanganyiko unaoanza na vitu viwili vinavyomwamsha SREBP-1c, ili jinsengi iliyoko nyuma ya ladha ije imlaze. Kwa hiyo grafu ya jirani kwake inasomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, pau zinapanda.

BabaJunia

😂😂😂 nimemwaga chai

Mama Virutubisho

Siyo kampuni zote zinaweka sukari. Ya kwetu ni vidonge.

mfamasia_wa_zamu

Sawa mama, basi na wewe tuwekee lebo yako hapa, aina ya mzizi na miligramu za jinsenosaidi kwa kidonge. Nasema kwa nia njema kabisa.

Nyakato_88

Mrejesho wa asubuhi. Nimempima bi mkubwa saa moja asubuhi kabla hajala, sukari 11.8, na tangu Januari huwa hazidi 8. Presha 152 kwa 94. Sikumwambia habari za jeni wala PXR, nilichukua pakiti moja nikaikata nikaimwaga kwenye sahani nyeupe, nikamwambia mama onja kwa ncha ya ulimi kama unavyoonja chumvi. Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena.

Akasema, "Sasa hii si sukari ya Kilombero?"

Kaniambia nimpeleke kliniki Alhamisi na boksi nibebe wakalione, hizo mbili ambazo hazijafunguliwa anataka nizirudishe kwa jirani mimi, yeye anaona aibu. Elfu 85 mara mbili, sijui naanzaje hayo maongezi baada ya misa.

BabaJunia

Nenda na sahani.